Kuku wa uani na mahindi: mazima, ya kuparaza, mabichi, pumba au bisi?

Mama mdogo wangu wa Ngaramtoni, Arusha, kanipigia juzi usiku. Kuku wake kumi wameanza kutaga mwezi huu, ana furaha kweli, kauliza kitu kimoja tu: "Hivi mwanangu, jioni niwamwagie mahindi mazima au nikaparazishe?" Nikamwambia paraza mama (yani yavunjwevunjwe yawe chenga, yasifike kuwa unga), tukaongea mengine ya nyumbani tukaagana. Ila baada ya kukata simu nikaona nimemjibu nusu, maana ukimwambia mtu "paraza" bila kumwambia kiasi gani, saa ngapi, na mahindi yenyewe kayatoa wapi, anaweza akapoteza kuku kwa mapenzi kabisa, na hilo limeshanitokea mimi hapa Moshi. Kwahiyo naandika yote hapa, yeye asome na mwingine yeyote mwenye kuku wachache uani asome.

Kwanza tukubaliane mahindi ni nini kwa kuku, kwasababu hapo ndo ulinganisho wote unaposimamia. Hindi ni wanga. Nguvu lina nyingi sana, kama kilokalori 3,300 kwa kilo kwa kuku, lakini protini yake ni asilimia 8 au 9 tu na kalsiamu ni kama hakuna. Kuku anayetaga anataka chakula chenye protini kama asilimia 16 mpaka 18 na kalsiamu karibu asilimia 4. Sasa piga hesabu ndogo: kuku anakula kama gramu 115 kwa siku, chakula chake kikiwa na protini 16 na nusu, ukimpa nusu mahindi nusu chakula chake, protini inashuka mpaka 12 na nusu hivi na kalsiamu inakatika nusu. Na ganda la yai moja peke yake lina kama gramu 2 za kalsiamu, na kuku hafyonzi yote anayokula, anafyonza kama nusu hivi. Ndo maana mtu anakuja analalamika "kuku wangu wanataga mayai ya ganda laini, yanapasuka kwenye kiota" na ukimuuliza anawalisha nini anakwambia wanashiba vizuri sana, nawapa mahindi asubuhi na jioni.

Kipimo ninachotumia mimi ni sehemu moja ya kumi ya chakula cha kuku cha siku. Gramu 11 au 12 kwa kuku mmoja. Ukizihesabu kwenye kiganja ni kama punje 35 hivi, yani konzi ndogo, siyo konzi ya mkono wa baba. Kuku wangu ni 12 na jogoo mmoja, kwahiyo ni kikombe kimoja cha chai cha chenga kwa kundi zima. Ukiona ni kidogo, ni kweli ni kidogo, ni kitafunwa hicho.

Mwaka fulani baada ya mavuno ya masika nilipata magunia kutoka shambani kwa baba mkwe, nikaona ya nini kununua chakula cha dukani wakati mahindi yapo, nikawa namwaga asubuhi kisado, jioni kisado. Kuku wakanenepa wanapendeza, manyoya yanang'aa. Baada ya kama miezi mitatu hivi nikamkuta mmoja amekufa chini ya kichanja, mzito, kilemba kimepauka, hana kidonda hana kuharisha. Nikamwita daktari wa mifugo akampasua pale pale kwenye ubao. Mafuta ya njano yamefunika firigisi mpaka haionekani, ini limepauka linakatikakatika ukiligusa kwa kidole, na damu iliyoganda imejaa tumboni. Akaniambia ini limejaa mafuta likapasuka, na kwamba hali hii inawapata zaidi wale wanaotaga vizuri wanaokula wanga mwingi huku wamefungiwa. Alikuwa kuku wangu bora. Tangu siku hiyo kikombe changu kinakaa juu ya gunia na hakuna mtoto wala mgeni anayeruhusiwa kumwaga bila hicho kikombe.

Sasa tulinganishe.

MAZIMA NA YA KUPARAZA

Hapa ndo swali la mama mdogo. Kuku mkubwa anameza hindi zima bila shida yoyote, linakaa kwenye gole (kile kifuko cha shingoni) linalowa, kisha firigisi inalisaga kwa vijiwe alivyookota. Kama kuku wako anazunguka uani anaokota vijiwe mwenyewe, kama umemfungia bandani lazima umuwekee mchanga mkubwa na vikokoto vidogo, la sivyo hizo punje zinamsumbua. Uzuri wa zima ni mambo matatu. Linakaa sana bila kuharibika kwasababu ganda lake halijapasuka. Unaliona kwa macho kama limeoza au limetobolewa. Na linachelewa kusagika tumboni, kwahiyo kuku analala na kitu kwenye gole, na Juni Julai kule Arusha baridi inapokuwa kali hiyo ina maana.

Ubaya wake, punje ni kubwa na chache, kuku wenye nguvu wanazinyakua sekunde kumi zimeisha. Nilikaa nikawaangalia siku moja kwenye ngazi, yule mwekundu mkubwa kala punje karibu themanini wakati yule mdogo mweupe kaambulia nne. Themanini ni zaidi ya mara mbili ya kipimo chake, halafu mwenzake hajapata kitu. Ukiparaza, chenga zinatawanyika kwenye nyasi, wanachakura, inachukua nusu saa wote wana kazi, na wanyonge nao wanapata. Hii ndo sababu yangu kubwa ya kupenda chenga. Tena wale wachanga wa miezi mitatu minne wanazimudu. Vifaranga wa chini ya miezi miwili mimi siwapi kabisa, wale protini yao ndo kila kitu, waache na chakula chao.

Lakini chenga zina tatizo moja zito na watu hawalisemi. Hindi likishapasuka moyo wake uko wazi, unyevu unaingia, ukungu unaingia. Na chenga za kununua tayari hujui zimetoka kwenye mahindi gani, mara nyingi ni zile punje zilizovunjika na kubaguliwa, na hizo ndo zinazobeba sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) zaidi. Nilishanunua mfuko kwenye duka moja (silitaji), juu ziko safi, nilipofika katikati zimeshikana mabonge na zina harufu ya chumba kilichofungwa. Nikazifukia zote. Kwahiyo jibu langu kamili ni hili: NUNUA MAZIMA, CHAMBUA, KAPARAZE MWENYEWE KIDOGO KIDOGO. Kwenye mashine ya kusaga mtaani ukimwambia fundi akuparazie anakuelewa. Peleka ya wiki mbili tu. Au kama una kinu, twanga ya siku tatu, dakika tano umemaliza.

MABICHI YA GUNZI

Haya kuku wanayapenda kupita kiasi. Hindi bichi robo tatu yake ni maji, kwahiyo hata akila mengi hajala wanga mwingi kama wa kavu, na ndo maana kwenye joto la Moshi la Januari Februari mimi nahamia kwenye mabichi nikiyapata. Nafunga gunzi kwa kamba ya katani, naning'iniza usawa wa kichwa cha kuku, wanadonoa linayumba wanalifukuza. Kwa kuku waliofungiwa na ambao wameanza kudonoana manyoya, hii inasaidia kweli kwasababu wanapata kitu kingine cha kudonoa. Gunzi likibaki litoe siku hiyo hiyo, linachacha na kuleta nzi.

Yale ya kuchemsha yaliyobaki nyumbani ni sawa pia kama hayana chumvi. Ya kuchoma yale ya barabarani yaliyopakwa ndimu, chumvi na pilipili, usiwape, na shida ni ile chumvi. Pilipili kuku haimuwashi, ndege hawana ile hisia ya ukali tuliyonayo sisi.

PUMBA

Pumba watu wanaichanganya na mahindi, wanaona ni kitu kile kile cha bei nafuu. Hapana. Pumba ya kukobolea ni ganda na kiini, ina protini zaidi kidogo ya hindi lenyewe, ila nyuzi ni nyingi na nguvu ni ndogo. Ni malighafi ya kuchanganyia chakula, pamoja na mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa, hapo inafaa sana. Kama kitafunwa haina maana, kuku mwenyewe anachakura anaimwaga, na ukimpa pumba tupu atajaza gole akae ameshiba njaa. Halafu ina mafuta ya kile kiini, ikikaa mwezi kwenye joto inachacha, inanuka kama mafuta ya kupikia ya zamani. Na angalia unapoinunua. Mimi niliwahi kuuziwa gunia ambalo ukilisugua mkononi linakwaruza, kumbe kuna magunzi yaliyosagwa humo. Chota kiganjani, sugua, nusa, onja kidogo ulimini. Nzuri ina utamu wa mahindi.

BISI, KULOWEKA, KUOTESHA

Haya nayapitia haraka. Bisi bila mafuta bila chumvi wanakula, ni kifurahisho cha watoto wakitaka kulisha kuku, hakuna zaidi. Kuloweka usiku mmoja kunalainisha, ni njia nzuri kwa mtu asiye na kinu wala mashine karibu, asubuhi ukimwaga yale maji jioni unawapa. Kuotesha nilijaribu mara tatu, mara mbili ukungu mweupe uliwahi kabla ya miche, nikaacha. Kama unataka majani, mchicha na sukuma za bustanini zipo.

NYEUPE NA YA NJANO

Mahindi yetu mengi ni meupe, ya njano wazee wanayaita yanga na hawayapendi, yanawakumbusha ugali wa enzi za shida ya chakula. Kwa kuku lakini ya njano yanawashinda meupe kwa kitu kimoja, ile rangi ndo inayoenda kwenye kiini cha yai, na sehemu ya rangi hiyo mwili wa kuku unaigeuza kuwa vitamini A. Nguvu na protini ni zile zile. Ila kama kuku wako wanatoka wanakula majani, kiini kitakuwa cha njano hata ukiwapa meupe, majani mabichi yana rangi hizo hizo. Kwahiyo usizunguke mji mzima kutafuta ya njano kwa ajili ya kikombe kimoja kwa siku. Kwa mtu aliyefungia kuku wake muda wote hapo ndo ningesema yatafute.

ASUBUHI AU JIONI

Jioni. Hapa sina mjadala. Ukiwapa mahindi asubuhi wanajaza gole kwa kitu kitamu, halafu chakula chao chenye protini wanakionea uvivu. Waache wale chakula chao toka alfajiri, saa kumi na moja jioni mwaga kikombe, saa kumi na mbili wanaingia bandani wenyewe. Na hapo hapo pembeni weka bakuli la maganda ya mayai yaliyooshwa, yakakaushwa na kupondwa, au chokaa ya mifugo ya dukani, kwasababu ganda la yai linajengwa usiku na kuku anayetaka kutaga kesho utamuona jioni anaenda pale mwenyewe bila kuitwa.

Kuna hii kauli kwamba wakati wa joto mahindi "yanawachemsha" kuku. Haiko hivo. Kusaga protini na nyuzi kunatoa joto mwilini zaidi kuliko kusaga wanga. Shida ya joto ni nyingine, kuku kwenye joto anakula kidogo, sasa kile kidogo ukikijaza mahindi amekosa vingine vyote. Kwahiyo Februari punguza kikombe kwasababu hiyo, na Julai unaweza kukijaza vizuri.

Kitu kingine ambacho mimi nakithamini kuliko hata hizo kalori, ni kwamba kikombe cha jioni ndo wakati wangu wa kuwakagua. Natikisa kopo, wanakuja mbio kutoka kwenye migomba, jogoo anaokota punje anaiachia, anaokota anaiachia huku anaita kook-kook-kook mpaka majike wafike, yeye mwenyewe hali kwanza. Nahesabu. Kuku ambaye hakuja kwenye mahindi ana tatizo, na mara mbili nimewahi kumtenga mgonjwa siku mbili kabla ya wengine kuanza kujikunyata. Nafasi hii ya kuwakagua pumba haikupi, na chakula cha kwenye chombo kutwa nzima hakikupi.

MAHINDI UMEYATOA WAPI

Jamani hapa ndo pazito kuliko mazima na chenga. Mahindi yasiyokauka vizuri yanaota fangasi wanaotoa sumukuvu, na sote tunakumbuka mwaka 2016 Dodoma na Manyara ilivyoua watu. Kwa kuku inaharibu ini, mayai yanapungua, kinga inashuka wanaumwa ovyo hata waliochanjwa, na sumu inaweza kufika kwenye yai na ini ambalo wewe unakuja kula. Bata wanaumia upesi zaidi, kwahiyo kama una bata uani pamoja na kuku kuwa makini mara mbili. Kupika hakuiondoi. Na ile tabia ya kusema "haya yameoza kidogo, watupie kuku" iishe kabisa. Kiwango kilichowekwa Afrika Mashariki kwenye mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, jicho haliwezi kuona hicho, kwahiyo kuchambua kunasaidia sana lakini siyo ruhusa ya kununua mahindi mabaya ukategemea kuyachambua.

Mimi nikienda soko la Mbuyuni hapa Moshi nabeba chupa ndogo ya kioo iliyokauka na chumvi kavu kijiko kimoja. Natia mahindi robo chupa, natia chumvi, natikisa dakika moja mbili, naacha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo mahindi yana unyevu, siyachukui hata wakinipunguzia. Ikianguka yote chini yamekauka. Wauzaji wengine wananiangalia vibaya, wengine wameshanizoea wananisogezea gunia jingine wenyewe. Ukifika nyumbani weka kwenye mifuko ile ya kinga njaa yenye nailoni mbili ndani, funga kabisa hewa isiingie, hapo hata dumuzi anakufa bila dawa. Na swali la kumuuliza muuzaji kila mara: yamewekwa dawa lini? Mahindi yaliyotiwa dawa ya unga jana siyo ya kuku leo. Yale ya mbegu yaliyopakwa rangi ya pinki au kijani hayo ni sumu, usiyaweke hata karibu na banda.

Kwahiyo mama mdogo, kwa kuku wako kumi wanaotaga na wanaotoka nje kutwa: nunua mazima meupe, kaparaze ya wiki mbili, kikombe cha chai kisichojaa, saa kumi na moja jioni, umwage kwenye nyasi siyo kwenye chombo, na maganda ya mayai pembeni. Jirani yako yule mwenye vifaranga mwambie asiwape bado. Na yule kaka wa Sakina aliyefungia kuku wake kwenye banda la mbao, yeye mwambie atafute ya njano, awawekee vikokoto, na apunguze kikombe kuliko wewe kwasababu wake hawatembei. Chupa na chumvi usisahau kubeba ukienda sokoni, na kama chumvi imeganda kwenye kioo nipigie kabla hujalipa.